Miezi 25, lugha tatu, "maneno 20 tu": hesabu upya kwanza

Mama wa Nyalenda, Kisumu, umeuliza kama mwanao amechelewa kwa kuwa ana maneno 20 ya Kiingereza, na mwalimu wa chekechea amekushauri mwache Dholuo nyumbani. Msiache. Huo ushauri hauna utafiti nyuma yake, na hesabu yenyewe imefanywa robo.

Chukua karatasi, piga safu tatu: Dholuo, Kiswahili, Kiingereza. Usijiulize "anajua maneno mangapi?" maana utakumbuka majina ya vitu tu. Pitia fungu kwa fungu: chakula, mwili, wanyama, nguo, vitendo ("bi", yaani njoo, keti, lala), hata "ooyo" na "hapana". Mhoji dani (nyanya yake) na yaya kila mmoja peke yake. Dani anasikia Dholuo ambayo wewe ukiwa kazini huisikii.

Linaloingia ni neno alilotamka mwenyewe, bila kuambiwa "sema", kwa kitu kilekile, zaidi ya mara moja. "Mati" kwa maji linaingia. Paka na gari, yanayosikika karibu sawa kwa Dholuo na Kiswahili, ni neno moja kila moja. "Nataka" na "anataka" pia ni moja. Akisema "taka" tupu, lihesabu: mtafiti wa lugha Kamil Deen alipochunguza watoto wa Nairobi aliona viambishi vya mwanzo huangushwa sana umri huo.

Tuseme umepata Dholuo 31, Kiswahili 13, Kiingereza zilezile 20. Jumla 64. Pi, maji na wota ni maneno matatu ya kitu kimoja. Ukiondoa marudio ya aina hiyo, tuseme 12, anataja vitu na mambo 52. Hakuna safu iliyofika 50, ilhali mtoto amevuka.

Hiyo 50 ndiyo alama inayotumika sana kwa miezi 24, pamoja na kuunganisha maneno mawili. Ilitokana na watoto wa Marekani, kwa hiyo ni taa ya kukutahadharisha, si hukumu. "Leta pi" ni muungano halali (abiria wote wa matatu ya Kondele huongea hivyo, hakuna anayewaita wagonjwa). "Asante sana" si muungano, amelimeza zima kama neno moja.

Kuchelewa kwa kweli huonekana katika lugha zote. Weka mikono nyuma, usitazame viatu, sema "kel wuoch" (leta kiatu). Asipoelewa kwa lugha yoyote, haonyeshi kitu kwa kidole, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, usingoje: anza na kipimo cha masikio hospitalini, kisha kituo cha EARC, kinachopima watoto wenye mahitaji maalumu ya kujifunza. Kupiga makofi nyuma yake si kipimo. Mwenye maji nyuma ya kiwambo cha sikio baada ya mafua atageuka vizuri tu, na bado sauti hafifu kama s na f hazimfikii.