Lesithini kwenye mafuta ya samaki ina kazi mbili

Je, lesithini, ile dutu ya mafuta ipatikanayo kwenye soya na kiini cha yai, huwekwa kwenye chupa ya mafuta ya samaki kuchanganya mafuta na maji tu? La. Hulizunguka kila tone la mafuta kama utando, na pia huisaidia vitamini E kuzuia oksijeni isiyaharibu mafuta. Protini za maziwa, ambazo pia hutumika kuchanganya mafuta na maji, nazo hunasa ioni (chembe zenye chaji) za chuma, na hizo ndizo huchochea uharibifu wenyewe. DHA, mafuta ya omega-3 ya samaki, ina bondi maradufu 6 (viungo vya atomi vinavyofanya mafuta yashambuliwe na oksijeni kwa urahisi), ndiyo maana huharibika upesi. Ila matone madogo huongeza eneo la kushambuliwa, kwa hiyo bila vitamini E mchanganyiko waweza kuharibika haraka zaidi. Na kwa joto letu la Mombasa, ukishafungua weka frijini. Yangu niliiacha dirishani Kisauni, ikanuka kama rangi ya mafuta mbichi.