Bonaire: ufukweni au boti?
Kwa Bonaire, kisiwa cha Karibea, zamia kutoka ufukweni; boti itengee siku moja tu. Upande wa magharibi matumbawe yako karibu mno: unaegesha pikapu penye jiwe la njano lenye jina la eneo, unavaa mtungi wa hewa, unaogelea kidogo tu na mteremko wa matumbawe huo hapo. Hata Hilma Hooker, meli iliyozama 1984, unaifikia hivyo hivyo. Boti ni ya kwendea Klein Bonaire, kile kisiwa cha mbele. Ila vaa viatu vya soli ngumu, mawe ya kuingilia yanateleza (goti langu linajua), na usiache kitu cha thamani garini. Kama ni Cozumel, kisiwa cha Meksiko, hapo mikondo ni mikali, chukua boti.