Jiko la Kibuye na balbu za Manyatta: pesa iliyobaki mtaani

Ndugu uliyeuliza kama kubana matumizi ya stima na makaa kunamfaa mwenye nyumba peke yake au mtaa mzima, nitakujibu kwa niliyoyaona hapa Manyatta, Kisumu, kwenye vyumba sita ninavyopangisha.

Stima nailipa mimi, imo ndani ya kodi. Kila chumba kilikuwa na balbu ya zamani ya wati 60. Ikiwaka saa tano kila usiku, kwa mwezi inakula yuniti 9. Ya LED ya wati 9 haifiki hata yuniti moja na nusu. Zidisha kwa sita. Pesa niliyookoa kwenye tokeni nilimlipa fundi wa stima wa ploti jirani, akabadilisha nyaya zilizochakaa.

Lakini faida yenyewe niliiona kwenye jiko. Nina mpangaji, mama anayekaanga samaki jioni kando ya barabara. Jiko lake lilikuwa la bati tupu, joto linamchoma miguu badala ya kuchemsha mafuta. Tulienda soko la Kibuye tukamkuta fundi akikata bati la pipa kuukuu. Alilikunja likawa na kiuno chembamba, akatumbukiza chungu cha udongo chenye matundu kitakoni, kisha akaziba pengo kwa saruji. Wazo la kuweka udongo ndani ya jiko lilitoka Thailand miaka ya 1980 mwanzoni, lakini mafundi wa Kenya wamelifanya lao kabisa. Hesabu waliokula kwa jiko lile moja: muuza mapipa, mfinyanzi, fundi, kijana wa mkokoteni.

Mama alikuwa akimaliza gorogoro mbili (mikebe ya kupimia) za makaa kila jioni. Sasa ni moja na kidogo. Pesa inayobaki anaongezea samaki na unga, na nyanya anazichukua kwa kibanda cha jirani yake. Muuza makaa wa kona alinung'unika, na namwelewa, ana watoto wa kulisha. Siku hizi ameweka majiko matatu ya kuuza mbele ya magunia yake.

Ila si kila kinachoitwa cha kuokoa pesa kinaiacha pesa hapa. Niliwahi kununua taa ya sola ya bei rahisi kwa duka moja mjini. Mwezi wa tano tangu niinunue, betri ikafa. Niliizungusha kwa mafundi watatu, wote wakanirudishia: imezibwa kwa gundi, haifunguki. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, uliza ni nani hapa mtaani anayeweza kuitengeneza ikiharibika. Usipopata jina la mtu, iache.

Ukienda Kibuye, gonga udongo wa jiko kwa kidole. Uliochomwa vizuri unalia kama kengele. Wenye ufa unatoa sauti butu. Huo mrudishie fundi, atakupa mwingine.