Mchicha ukatwe alfajiri, na nazi isikosekane

Wiki hii mmetuuliza kama shamba la hisani, linalolima mboga za kugawia wenye njaa, lina maana katika mji kama Mombasa, au heri fedha hizo zinunuliwe unga. Mimi nasema lina maana, bora liendeshwe na watu wanaolijua jiko la mtu asiyekuwa na kitu.

Unga hupatikana. Ramadhani ikifika, unga, mchele, sukari na mafuta hugawiwa mpaka vichochoroni. Kitoweo ndicho kigumu. Mtoto hula ugali kwa chai ya rangi, tumbo likajaa, damu ikakosekana. Nyanya za soko la Kongowea nyingine hutoka mbali kama Taveta na Loitokitok, na nauli ya lori imo ndani ya bei. Mvua ikiharibu barabara, fungu linapungua, shilingi ni zile zile.

Wapo wanaosema pwani ni jabali tupu. Ni kweli kwamba mahali pengi jembe hugonga matumbawe, na visima vingi vina maji ya chumvi. Lakini machimbo ya saruji ya Bamburi yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971, majongoo yakaletwa kula majani makavu, udongo ukapatikana. Leo ndiyo bustani ya Haller Park. Ila mwenye njaa hawezi kungoja msitu. Shamba liwe kule Utange au Mwakirunge, pembezoni mwa mji, samadi iletwe.

Na lilimwe mchicha. Wiki tatu au nne uko tayari, ukiukata juu unachipua tena. Mkunde na bamia pia. Sukuma joto la huku huitesa, tuwaachie wa bara.

Saa ya kuvuna ndiyo kila kitu. Mchicha uliokatwa saa nne, adhuhuri umeshalala, na aliye na njaa hana friji. Ukatwe alfajiri, ufunikwe gunia lililoloweshwa, uwafikie watu kabla ya saa tatu. Kila fungu liende na nazi, jamani! Mchicha bila tui nani hapa atauita kitoweo? Tena vitamini A ya mboga huhitaji mafuta ili mwili uipokee vizuri.

Usigawiwe mbele ya kibanda cha mama mboga, mkamvunjia biashara. Upelekwe kliniki, siku ya kupima watoto uzani. Mavuno yakizidi, huyo mama mboga auziwe kwa bei nafuu, na pesa zinunue mbegu na hizo nazi.