Ripoti ya mwaka ivutie vipi? Anza na ahadi za mwaka jana

Ndugu uliyeuliza, nimeona hali yako. Umekabidhiwa ripoti ya mwaka ya asasi yenu kwa mara ya kwanza, una wiki sita, mezani una taarifa nne za robo mwaka na picha lukuki, na agizo pekee ulilopewa ni kwamba "ivutie". Unauliza utumie programu gani ya usanifu na upate wapi vielelezo vya kuigia. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja, kwanza katika asasi isiyo ya kiserikali, kisha katika kampuni, na ombi langu la kwanza ni kwamba wiki ya kwanza usifungue programu yoyote ya usanifu.

Chukua ripoti ya mwaka jana. Isome na kalamu mkononi, na kila palipoandikwa "tutafanya", "tunatarajia", "tumejipanga", pigia mstari. Ahadi hizo zinakili kwenye karatasi moja, halafu zunguka idara kwa idara uulize kila moja iliishia wapi. Karatasi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa ripoti yako.

Aliyenifundisha hili ni mfadhili. Mwaka wangu wa tatu tulitoa ripoti niliyoipenda mno, ina jalada gumu na picha zilizojaza ukurasa mzima. Wiki mbili baadaye akapiga simu mama mmoja aliyekuwa akituchangia tangu asasi ilipoanza. Jalada hakuligusia. Aliniuliza, "Mwaka jana mliandika mtafungua maktaba tisa. Nimepekua humu ndani sioni hata neno maktaba. Kulikoni?" Ukweli ni kwamba tulifungua tano. Nne zilikwama kwa sababu majengo tuliyopewa yalikuwa yanavuja, na tulikataa kuweka vitabu mahali vitakapooza. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa, na ungepata nusu ukurasa ungetujengea heshima. Sisi tuliunyamazia kwa kuogopa kuonekana tumeshindwa. Mama yule aliendelea kuchangia, lakini tangu siku ile kila ripoti yetu aliisoma akitafuta kilichofichwa.

Wapo waliofanya hivi kwa uwazi mkubwa zaidi. Tawi la Kanada la Engineers Without Borders, asasi ya wahandisi wanaofanya kazi za maendeleo, lilianza mwaka 2008 kutoa ripoti nzima ya mambo yaliyowashinda na sababu zake. Sikushauri uandike kitabu kizima cha makosa. Ukurasa mmoja wenye kichwa cha habari kilichonyooka, kwa mfano "Ahadi tatu ambazo hatukuzitimiza", unatosha, mradi uwe mbele pamoja na mafanikio na usichomekwe karibu na kiambatisho.

Baada ya hapo mtafute msomaji wako, na awe mtu mmoja. Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani ambaye kwa miongo mingi aliwaandikia barua ya kila mwaka wanahisa wa kampuni yake, Berkshire Hathaway, alieleza kwamba alipokuwa akiandika alijifanya anazungumza na dada zake, Doris na Bertie: watu wenye akili zao, waliowekeza sehemu kubwa ya mali yao kwake, ila si wahasibu. Ndiyo maana barua zile zilisomwa hata na wasio na hisa. Wewe chagua wako. Mimi tangu simu ile humwandikia yule mama. Nikifika kwenye sentensi kama "tulijengea wadau uwezo kupitia afua shirikishi", najiuliza kama ningeweza kumtamkia mama yule usoni. Siwezi, basi naandika tulichokifanya: tuliwafundisha wakutubi ishirini namna ya kupanga vitabu na kuandika kumbukumbu za wanaoazima.

Jambo jingine, chunguza watu wanavyoishika ripoti. Mwaka mmoja nilikaa kwenye kikao cha bodi nikatazama tu. Mjumbe mmoja alianzia nyuma, kwenye hesabu. Mwingine alipitia picha na maelezo yaliyo chini yake, akafunga. Wa tatu alisoma namba kubwa kubwa na vichwa vya habari. Hakuna aliyeanza ukurasa wa kwanza akasoma mfululizo. Kuanzia hapo maelezo ya picha nayaandika kwa uangalifu kuliko aya zenyewe, na kichwa cha habari nakipa kazi ya kusema jambo. "Sekta ya elimu" ni jina la folda tu. "Maktaba tano zimefunguliwa, nne zimesubiri" ni habari kamili, na asiyesoma aya zilizo chini yake ameondoka na kitu.

Kwenye namba sasa naomba uvumilie, maana hapa ndipo ripoti nyingi hupoteza imani ya wasomaji. Ukikuta kwenye taarifa za robo mwaka "watu 4,000 walifikiwa", usiibebe ilivyo. Uliza kwanza wamehesabiwa watu au mahudhurio. Mtu mmoja aliyehudhuria mafunzo manne huonekana mara moja katika kila robo mwaka, na ukijumlisha robo zote amekuwa watu wanne. Mimi niliwahi kujumlisha hivyo hivyo, na ofisa ufuatiliaji alipopitia orodha za majina, idadi ilipungua karibu nusu. Tuliishusha kabla ya kuchapisha na tukaeleza kwa sentensi moja namna tunavyohesabu. Uliza pia kufikiwa maana yake nini: kupewa kipeperushi au kukaa darasani miezi sita? Halafu ipe kila namba jirani wa kulinganishwa naye, iwe ni lengo mlilojiwekea, mwaka uliopita au jumla ya wote waliohitaji. "Wasomaji 900 waliojiandikisha" peke yake haielezi kitu. Ukisema lengo lilikuwa 1,500 na mwaka jana walikuwa 350, msomaji anaelewa kwamba mmekua ingawa bado hamjafika.

Michoro ya takwimu ifuate adabu hiyohiyo. Grafu ya nguzo ianzie sifuri, la sivyo tofauti ya asilimia mbili itaonekana kama mlima. Chati ya duara ikizidi vipande vitano hivi inakuwa fumbo, kwa hiyo igeuze iwe nguzo za kulala na uzipange kutoka kubwa hadi ndogo. Vielelezo vya 3D, vinavyonyanyuka kama matofali, viache kabisa, kwa sababu kipande kilicho mbele huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Na ukitumia alama za picha, kuna kanuni aliyoisimamia mwanazuoni Otto Neurath kule Vienna, Austria, miaka ya 1920, alipotaka takwimu za jamii zieleweke kwa watu wa kawaida: kiasi kikiongezeka, rudia alama, usiikuze. Sababu yake inaonekana kwa macho. Ukiongeza kimo cha mchoro wa kitabu mara mbili, na upana nao huongezeka mara mbili, hivyo eneo lake linakuwa mara nne. Msomaji ataona mara nne wakati wewe ulikusudia mbili. Vitabu viwili kando ya kimoja havimdanganyi mtu.

Nije kwenye picha za watu. Tulikuwa na picha moja nzuri sana ya mama akiwa ameinama juu ya mashine ya cherehani. Tuliitumia ukurasa wa mbele mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ndani, mwaka wa tatu tena, na maelezo yake yalisema yeye ni miongoni mwa "wanawake maskini" tuliowasaidia. Mwaka wa nne alikuja ofisini mwenyewe. Wakati huo alikuwa na mafundi watatu chini yake, na wateja wake walikuwa wameiona ile picha. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, nitakuwa maskini wenu mpaka lini?" Swali lile sijalisahau. Alikuwa ametia saini fomu ya idhini, naam, lakini hakuna aliyemweleza picha ingetumika wapi na kwa muda gani. Tuliiondoa siku ileile.

Tangu hapo idhini naiomba kwa lugha anayoielewa mhusika, namwonyesha ripoti ya zamani ili aone picha hukaa wapi, namwambia inatumika kwa mwaka gani, na kwamba akibadili mawazo atupigie. Maelezo ya picha namsomea kabla hayajapigwa chapa. Watoto siandiki majina yao kamili wala shule wanayosoma. Utaona pia kwamba mtu aliyeshirikishwa hukupa habari bora. Mama yule mwaka uliofuata alikubali kuandikwa upya kama fundi anayefundisha wengine, na ukurasa wake ndio uliozungumziwa kuliko kurasa zote.

Hesabu usizipambe wala usizipunguze. Subiri zile zilizokaguliwa, hata kama mkurugenzi anaharakisha, kwa sababu namba za rasimu hubadilika. Ukiweka muhtasari tu, sema wazi kwamba ni muhtasari na hesabu kamili zinapatikana wapi. Kwa walio kwenye kampuni, kumbukeni kwamba mkaguzi huisoma pia sehemu ya maelezo: kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 720 kinamtaka aangalie kama taarifa nyingine ndani ya ripoti ya mwaka zinapingana na hesabu alizokagua. Kwa hiyo mpelekeeni rasimu mapema. Namba zote zitoke kwenye jedwali moja lenye mtu mmoja anayelisimamia, na kila badiliko lianzie pale. Niliwahi kuacha mapato yakasomeka namna moja ukurasa wa 6 na namna nyingine ukurasa wa 31, kwa sababu moja ilikadirishwa na nyingine haikukadirishwa. Msomaji akiona namba mbili zinazogombana, hata zile sahihi anaanza kuzitilia shaka. Gharama za utawala nazo zitaje, ueleze zimelipia nini. Mhasibu anayefanya ukaguzi uwezekane ni sehemu ya kazi yenu.

Sasa ndipo uite msanifu wa kurasa, na mpe maandishi yaliyokamilika. Kumpa nusu nusu ndiko kunakomaliza wiki zako. Kama itachapwa na kushonwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, maana karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne: 28 au 32, si 30. Picha ya kujaza upana wa A4 inahitaji pikseli zipatazo 2,480 ili ifike nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo waombe wapiga picha faili halisi, maana iliyopitia WhatsApp mara nyingi imeshabanwa. Rangi nazo hubadilika: skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, mashine ya uchapaji huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na kijani kinachong'aa kwenye kompyuta hufifia kwenye karatasi. Omba nakala ya majaribio iliyochapwa, uitazame mchana kando ya dirisha.

Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yakatae hata kama msanifu atanuna. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zisomeke na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na wazee kwenye bodi yenu watakushukuru. Chapa pia kurasa za michoro kwa rangi nyeusi tupu. Usipoweza kutofautisha nguzo, huenda hataweza pia msomaji asiyetofautisha nyekundu na kijani. Na kwa kuwa wengi wataifungulia kwenye simu, toa faili jepesi la ukurasa mmoja mmoja, si kurasa mbili zilizounganishwa, pamoja na muhtasari wa kurasa mbili unaojitegemea.

Kuhusu ubunifu wa kushangaza, siupingi. Austria Solar, jumuiya ya kampuni za nishati ya jua nchini Austria, ilitoa ripoti ya mwaka 2011 ambayo kurasa zake huonekana tupu mpaka mwanga wa jua uziangukie, ndipo maandishi yanapojitokeza. Inakumbukwa hadi leo kwa sababu mbinu yenyewe ndiyo ujumbe wao. Mbinu ile ile kwenye ripoti ya maktaba ingekuwa usumbufu kwa msomaji. Wazo la namna hiyo likikujia kutokana na kazi yenu, lipiganie. Lisipokuja, fonti mbili, rangi mbili na nafasi nyeupe ya kutosha zinakutosha.

Kwa wiki zako sita, mimi ningetumia mbili za kwanza kwa ahadi na kuhakiki namba, mbili kwa kuandika na kuomba idhini za picha, moja kwa usanifu na moja kwa masahihisho na uchapaji. Kwa masahihisho mpe mtu asiyefanya kazi hapo ofisini, na mwombe akusimulie alichokielewa bila kutazama. Halafu siku ripoti inapotoka, fungua faili jipya uandike humo kila "tutafanya" iliyomo ndani yake, na jina la anayehusika. Atakayeandaa ya mwakani, akiwa wewe au mwingine, aanzie hapo.

Ukishapata ile karatasi ya ahadi za mwaka jana, iweke hapa bila jina la asasi, tuangalie pamoja ipi ipewe ukurasa na ipi itoshe kwa mstari mmoja.