Umemwona akifanya nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule binafsi. Kila mwisho wa mwaka tunatoa zawadi kwa watatu wa mwanzo katika kila darasa, kwa bora wa kila somo, na moja ya mwanafunzi mwenye tabia njema. Hiyo ya tabia ndiyo inayotugombanisha. Tunaipigia kura mwishoni mwa kikao, watu wameshachoka, na mara nyingi inamwangukia mtoto mkimya ambaye tayari ana zawadi za masomo. Safari iliyopita wazazi walikuja juu wakidai kuna upendeleo. Sasa mwenye shule anataka kila mtoto apewe cheti ili manung'uniko yaishe, na baadhi ya walimu wanasema tuzo ya tabia ifutwe kabisa. Unatushauri nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuzo msiifute. Futeni kura.

Ukipiga kura utampata anayependwa, na anayependwa na walimu kwa kawaida ni yule asiyewasumbua. Mtoto anaweza kumaliza mwaka bila kelele, bila kuchelewa, shati limechomekwa vizuri, na bado asiwe amemfaa mtu yeyote. Utulivu wake ni mzuri, lakini hautoshi kumpandisha jukwaani mbele ya wenzake kama kielelezo cha utu.

Nilipokuwa mkuu wa shule, kikao chetu cha tuzo kilikuwa na sharti: anayependekeza jina asimame, aseme alimwona mtoto huyo akifanya nini, lini, na nani alinufaika. "Ni mpole" halikupokelewa. "Ana heshima" halikupokelewa. Walimu walinung'unika, maana majina mengi yalianguka palepale. Kisha yakaanza kuja mengine. Alikuwapo msichana aliyerudishiwa karatasi yake ya hisabati akakuta mwalimu amejumlisha vibaya. Zilizoandikwa zilikuwa alama 84, za haki zilikuwa 79. Akaipeleka karatasi mwenyewe ikasahihishwe, na nafasi ya tatu ikamponyoka pamoja na zawadi yake. Mwalimu wa hisabati alipolisimulia hilo, hakuna aliyeuliza kama tunapiga kura. Mwingine alikuwa mvulana wa mkiani kimasomo. Jina lake lililetwa kwetu na mtunza maktaba. Wakati wa mapumziko mvulana huyo alikuwa akikaa nyuma ya rafu na mtoto mgeni mwenye kigugumizi, wakisoma kwa sauti kwa zamu, mpaka yule mgeni akathubutu kusoma mbele ya darasa. Sisi walimu hatukuwa na habari.

Kwa hiyo waulizeni watu wanaowaona watoto ninyi mkiwa hampo: mpishi, dereva wa basi, mlinzi, matroni wa bweni. Wekeni daftari katika chumba cha walimu tangu wiki ya kwanza ya muhula, mtu aandike alichokiona siku hiyohiyo, mstari mmoja au miwili. Katikati ya mwaka lipitieni mtazame majina ya nani hayamo. Mara nyingi mtoto asiyekuwamo hakukosa jema. Amekosa wa kumtazama, na mwalimu wa darasa akishalijua hilo bado ana nusu mwaka wa kumtazama. Mimi naona daftari hilo lina kazi kubwa kuliko sherehe yenyewe.

Idadi ya tuzo hizo msiifunge. Mwaka mmoja zinaweza kuwa tatu, mwingine tisa. Tendo likikosekana, cheti kisitolewe.

Kisha kuna jambo ambalo shule nyingi hulisahau, nalo linaumiza. Tendo jema mara nyingi lina mtu wa pili. Ukitangaza kwenye kipaza sauti kwamba fulani alimgawia mwenzake madaftari kwa kuwa kwao hawakuweza kununua, umemtukuza mmoja na kumvua nguo mwingine. Muulizeni kwanza aliyesaidiwa, faraghani, na akisita lisemwe bila kumgusa. Muulizeni na mpewa tuzo pia. Wapo watoto ambao kusimama mbele ya umati ni adhabu. Hao mpeni barua ya mkuu wa shule, waisome nyumbani na wazazi wao.

Kuhusu cheti kwa kila mtoto, mwelezeni mwenye shule kwa adabu kwamba watoto hawadanganyiki. Wa darasa la tatu anajua kabisa cheti alichopewa ili mama yake asilalamike. Wazazi wanalipa ada ili watoto wao wafundishwe na walindwe. Tuzo haimo kwenye risiti. Kinachozima manung'uniko ni sababu iliyo wazi. Mzazi aliyesikia habari ya zile alama 84 na 79 hana cha kuuliza. Hapohapo wekeni kanuni: mwalimu mwenye mwanawe au ndugu yake miongoni mwa waliotajwa atoke nje ya kikao, na mfadhili akitoa kombe mpokeeni kwa shukrani, ila asichague wa kulipokea.

Tuzo ya tabia pia msiitangaze kama shindano. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti uliofanywa katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa watoto waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora, baadaye walipoachwa huru walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa cheti hichohicho bila kuahidiwa hawakupungukiwa hamu. Kuchora si sawa na wema, najua, lakini mimi nisingependa mtoto amwinue mwenzake aliyeanguka huku akitazama nyuma kuona kama mwalimu yupo.

Msije mkadhani kwamba kushtukiza peke yake ndiko dawa. Mtafiti Carly Robinson na wenzake walifuatilia vyeti vya mahudhurio kwa maelfu ya wanafunzi huko California. Ahadi ya cheti haikuongeza mahudhurio, na waliopewa bila kutarajia walianza kukosa shule zaidi kuliko wasiopewa. Maelezo ya watafiti ni kwamba huenda cheti kiliwaambia wamezidisha, wenzao hawaendi kiasi hicho. Kwangu mimi hiyo ni sababu moja ya kuachana na tuzo ya kutokosa shule hata siku moja. Sababu nyingine ni mtoto mwenye pumu au selimundu, ambaye hawezi kuipata hata afanyeje.

Za masomo siwezi kuwachosha nazo, mnazijua. Ongezeni tu ya maendeleo, kwa aliyeanza mwaka na 38 akaumaliza na 61. Na kwenye vyeti vyote msiandike "ana akili nyingi". Watafiti Mueller na Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa akili walikata tamaa upesi zaidi walipokutana na maswali magumu kuliko waliosifiwa bidii. Andikeni alichofanya.

SWALI: Mwalimu, binti yangu yuko darasa la sita na hajawahi kupata tuzo yoyote. Mdogo wake alipata mbili mwaka huu. Binti alilia njia nzima. Nifikirie kumnunulia kombe langu mwenyewe?

JIBU: Usimnunulie, mama yangu. Atajua limetoka wapi, na litamkumbusha kila akiliona. Za mdogo wake nazo usizifiche, kwa maana hajamkosea mtu.

Mwambie jambo moja ulilomwona akifanya, ulitaje kwa ukamilifu wake: jinsi alivyorudia insha mpaka ikakaa sawa, au alivyokuambia ukweli uliomgharimu. Usimlinganishe na mtu. Kisha nenda shuleni siku ya kawaida, si wiki ya sherehe, umwone mwalimu wa darasa. Usiulize kwa nini binti yako hakupewa. Uliza: "Mwanangu huwa anafanya nini asipoagizwa na mtu?" Mwalimu anayemjua atakuwa na jibu, na jibu hilo mpelekee binti yako neno kwa neno. Na kama amekaa naye mwaka mzima na hana hata moja la kusema juu yake, hapo una haki ya kulalamika, na nenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule.