Wasifu wa baba ulikuwa nusu ukurasa

Tulimzika baba Jumamosi, baada ya misa. Wasifu niliusoma mimi, mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa 1938, alibatizwa, alifunga ndoa takatifu, alijaliwa watoto 7, alikuwa katekista wa kigango chetu, aliugua, akafariki. Haikufika hata dakika mbili.

Makaburini watani wetu wakaanza yao. Mmoja alikuwa amevaa koti la baba, lile la kahawia lililotoboka viwiko. Akajitwika ndoo begani ikawa ndiyo bomba la salfa, akatembea huku anaburuta mguu wa kulia, akasimama chini ya mkorosho na kuupulizia huku anasali Salamu Maria kwa sauti ya baba kabisa. Watu walicheka mpaka wakalia, mama akiwemo. Mimi karatasi yangu ilikuwa mfukoni, na moyo uliniuma. Mtani alikuwa amemrudisha baba. Mimi nilikuwa nimesoma kama fomu.

Tangu hapo ndugu na majirani waliofiwa wakiniomba niwasaidie kuandika wasifu, nawaambia waanze na vitu vya marehemu, tarehe zije baadaye.

Sisi tulifungua sanduku la baba wakati wa matanga. Kitabu chake cha nyimbo kilikuwa na unga wa manjano katikati ya kurasa. Salfa. Asiyekulia huku Masasi ajue kwamba mikorosho inapochanua, ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia maua, na salfa hupulizwa alfajiri majani yakiwa bado na umande, ili unga ushike. Hata Jumapili za msimu baba aliamka saa kumi, akapulizia, akaoga, akaenda kuongoza ibada. Alisoma Injili huku ananukia salfa. Sisi watoto tulizoea harufu ile tukadhani ndiyo harufu ya kanisa.

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na spana nzito yenye kutu. Mama mwenyewe hakujua ilitoka wapi. Baba mdogo ndiye aliyetuambia: kaka yake akiwa kijana alikuwa kibarua kwenye reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza. Reli ilipofungwa, alirudi kijijini na spana yake, akaanza kupanda mikorosho. Watoto 7, hakuna aliyewahi kumuuliza. Kama wazee wako wapo hai, waulize leo, na simu iwe inarekodi. Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani," utajibiwa "alikuwa mtu wa watu." Uliza alikuwa anakula nini akitoka shamba, au alimkopa nani hela ya mahari.

Tarehe mkibishania, nendeni parokia aliyobatizwa. Kitabu cha ubatizo kina jina, wazazi na msimamizi, na pembeni huandikwa kipaimara na ndoa. Katibu wa parokia alitufunulia ukurasa, tukakuta baba alibatizwa 1957, kijana wa miaka 19. Sote tuliamini alizaliwa katika imani. Baba mdogo alipolisikia jina la msimamizi alishika kichwa: alikuwa fundi wa reli, ndiye aliyemfundisha baba kushika spana. Kumbe baba alimpata Mungu kulekule relini.

Gumu zaidi lilikuwa hili. Mzee mmoja Mwislamu, aliyekaa na baba kwenye mzani wa chama cha msingi cha ushirika miaka mingi, alitusimulia kwamba baba, aliyekuwa akiwaonya waumini wasiuze korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, mwaka mmoja aliuza yeye mwenyewe. Korosho bado ziko mtini, bakuli kwa bakuli, kwa bei ya kutupa. Ilikuwa ada yangu ya kidato cha kwanza. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kigango akasema alichokifanya. Dada yangu alitaka jambo hilo lisiandikwe, na namwelewa, ni mtoto anamlinda baba yake. Mimi niliandika. Ukimsafisha marehemu mpaka asibaki na kosa hata moja, waliofanya naye kazi hawatamtambua, na yule mzee alikuja msibani kumtafuta rafiki yake.

Kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka nilisoma kurasa 4: reli, ubatizo, salfa, mzani, ada yangu, na namna alivyoburuta mguu wa kulia. Tulipotoka mama aliniita pembeni, akaniomba karatasi na kalamu.

"Baba," akaniambia, "mguu wake mbovu ulikuwa wa kushoto. Siku ile mtani alikosea, nikamwachia kwa sababu ya msiba."

Akasimama palepale mpaka nikafuta na kuandika upya.